Nani Anakula Chaji ya Mkunga?

Maiti ilikuwa katikati ya mzunguko wa barabara kuu, saa kumi na moja na robo jioni ya Alhamisi, wakati kila mwenye kwake anataka kufika kwake.

Ilikuwa ya kijani, yenye magurudumu manne na mlango mmoja wa rangi tofauti na mingine. Haikutoa moshi wala mlio. Ilikuwa imekufa kimya kimya, jinsi magari ya umeme yanavyokufa, na nyuma yake honi zilikuwa zinaomboleza hadi darajani.

Inspekta alikuwa kwenye gari la nne nyuma yake. Kituoni walimwita Inspekta Taratibu, maana alizungumza kana kwamba kila neno linatozwa ushuru. Alishuka, akafunga mlango wa gari la polisi kwa upole, akatembea mpaka kwa marehemu. Koplo wake, dada mmoja mwenye haraka ambaye hata chakula cha mchana alikila amesimama, alikuwa ameshafika, ameshauliza, na ameshakasirika.

"Afande, gari limeisha chaji. Na dereva anataka tumkamate mtu."

"Nani?"

"Aliyemuuzia."

Dereva alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, amevaa sare nyeupe ya kazi na raba, begi kubwa jeusi begani. Alikuwa mkunga. Alizunguka mbele ya gari lake akilitazama kwa hasira na huruma kwa wakati mmoja.

"Siku ya tano leo, afande! Siku ya tano tu! Mchana nimeingia nyumbani lina asilimia arobaini. Nimelala kidogo, simu ikalia, mama mmoja uchungu umemshika, nikaruka kwenye gari sikuangalia hata dashibodi. Nafika hapa, kwisha habari yangu!"

"Na siku nyingine?"

"Vile vile. Naliacha na chaji mchana, jioni nakuta imepungua. Thelathini imeondoka, ishirini imeondoka. Bwana Volti kanibambikia betri mbovu. Mkamateni!"

Inspekta alilitazama gari, akalitazama begi.

"Huyo mama mwenye uchungu yuko wapi?"

"Dakika kumi kutoka hapa. Kwa gari linalotembea."

"Panda letu," alisema Inspekta. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, akamwambia Koplo awashe king'ora.

Mtoto alizaliwa saa kumi na mbili kasorobo. Inspekta alikuwa sebuleni, amekamatwa mkono na baba wa mtoto, ambaye aliubana kila kelele ilipotoka chumbani mpaka vidole vya Inspekta vikabadilika rangi. Kilio cha mtoto kiliposikika, wote wawili waliruka. Baba alilia. Inspekta alisema alikuwa na vumbi jichoni.

Wakati wa kurudi, gari la kijani likiwa limeshavutwa hadi kituoni, Mkunga aliketi kiti cha nyuma na kutoa maelezo yake.

"Nimejinyima miaka minne nipate gari hili," alisema. "Nimeuza pikipiki, nimeuza cherehani, viatu hivi unavyoviona ndivyo vya kazini na ndivyo vya harusini. Petroli siiwezi, ndiyo maana nikatafuta la umeme. Na kwenye yadi ya Bwana Volti hili ndilo lilikuwa la bei ya chini kuliko yote. Lililofuata lilikuwa mara mbili yake."

"Mkataba unasemaje?"

"Siku saba. Nisiporidhika narudisha, napewa pesa zangu. Mwisho Jumamosi, saa sita mchana."

"Keshokutwa," alisema Koplo.

"Keshokutwa. Sasa niambie, afande. Nikilirudisha, kwa pesa ile sipati jingine, narudi kubeba begi kwa miguu, na watoto hawanisubiri. Nikibaki nalo na betri ni mbovu, ndiyo nimeliwa. Nifanye nini?"

Inspekta hakujibu. Alikuwa na sababu yake, na tutaiona.

"Nyumbani mko wangapi?" aliuliza.

"Wawili. Mimi na mume wangu, na yeye yuko safarini wiki ya pili sasa."

Inspekta aliandika "wawili" kwenye daftari lake. Kisha akapiga mstari chini yake, ingawa hakujua bado kwa nini.

*

Bwana Volti alikuwa na yadi ya magari kumi na mawili, na kati ya hayo saba yalikuwa yanatembea. Alivaa tai juu ya ovaroli. Alipowaona polisi wawili wakiingia getini asubuhi ya Ijumaa, alinyanyua mikono juu kabla hajaombwa. Halafu akamtazama Inspekta vizuri, akaishusha.

"Aaa! Mzee wa kofia!"

Koplo alimgeukia bosi wake. "Mzee wa nini?"

"Wa kofia!" Bwana Volti alifurahi kweli. "Huyu mzee si huja hapa kila Jumapili? Kofia hadi puani, anazunguka lile jeupe pale, anapiga tairi teke, anauliza bei, anashusha pumzi, anaondoka. Wiki ya sita sasa. Kumbe ni afande!"

Inspekta alikohoa. Ndiyo hiyo sababu tuliyoiahidi. Mshahara wa inspekta ni ule ule tunaoujua, na yeye pia alikuwa anaota gari dogo la umeme, la mitumba, la bei ya kuonea huruma. Kama Bwana Volti alikuwa tapeli, ndoto mbili zilikuwa zinakufa kwa kesi moja.

"Tumekuja kwa jambo la kijani," alisema.

"Limefanya nini?"

"Limekufa barabarani," alidakia Koplo. "Betri uliyomuuzia Mkunga ni mbovu. Ulijua?"

"Si mbovu."

"Ulijua au hukujua?"

"Sikujua kwa sababu si mbovu! Nimeipima mbele yake. Ina umri, sikatai, hata mimi nina umri. Kati ya nguvu zake za utoto imebaki robo tatu. Nikamwambia wazi: mama, hili halikufikishi mkoa wa pili, lakini mjini litakuzungusha mpaka uchoke wewe. Akakubali, akasaini."

"Umewahi kushtakiwa kwa udanganyifu?"

"Mara tatu."

"Ehee!"

"Mara zote kwa magari ya petroli," alisema Bwana Volti kwa heshima kubwa. "Dada yangu, mimi nikifungwa nitafungwa kwa mengine. Kwa hili, hapana. Mke wangu alijifungulia mikononi mwa mkunga yule. Pacha! Nikimwibia yule, nitarudi nyumbani nikalale wapi?"

Inspekta aliandika. "Ulimpa nini pamoja na gari?"

"Funguo mbili, kebo ya kuchajia, gurudumu la akiba, na kitabu."

"Kitabu gani?"

"Kile cha maelekezo. Kinene hivi. Kimeandikwa kwa lugha ya huko lilikotoka, hata ukikishika juu chini huoni tofauti. Mimi sijawahi kusoma neno. Huwa nawapa tu, mteja anaona amepata kitu."

Koplo alikuwa tayari ameshika pingu. Inspekta alitikisa kichwa.

"Usitoke mjini," alimwambia Bwana Volti.

"Nitoke na nini, afande? Unayaona mwenyewe haya magari."

*

Mtaalamu wa maabara ya uchunguzi alikuwa mama mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Alikuwa amekesha na gari la kijani katika uwanja wa kituo, kwenye umeme wa jenereta, na saa saba mchana aliwaita akasimama mbele yake.

"Betri haina hatia," alisema.

"Una uhakika?" Koplo alionekana kuumia.

"Nilijaza chaji jana jioni, nikachomoa. Limesimama usiku kucha. Asubuhi nimelikuta na mia kwa mia, halijapoteza hata moja. Nikaliendesha mjini mpaka sasa, limebaki na arobaini na tano. Limekula sawasawa na linavyopaswa kula. Ni kagari kazee, lakini kaaminifu."

Inspekta alihisi moyo wake ukicheza. Aliuambia utulie, kazi haijaisha.

"Basi chaji inakwenda wapi?"

"Hapo sasa." Mama wa maabara alifungua buti, akafunua zulia. Chini yake, kwenye kona, palikuwa na kifuniko kidogo cheusi. Alikibonyeza kikafunguka. Ndani kulikuwa na soketi, ya kawaida kabisa, kama ya ukutani. "Gari hili linaweza kutoa umeme, si kupokea tu. Unachomeka pasi, redio, unachotaka. Na kompyuta yake inaweka kumbukumbu. Siku tano zilizopita, kila siku, limetoa umeme likiwa limesimama. Linaanza saa nane mchana na dakika mbili tatu. Linaishia saa kumi na moja."

"Saa nane," alisema Koplo polepole. "Saa nane ndiyo umeme wa mtaa ule unakatwa. Mgawo. Hadi saa kumi na moja."

"Alama za vidole?" aliuliza Inspekta.

"Zipo, za mtu mmoja. Si za Mkunga. Vidole vya mtu aliyezoea bisibisi, ngozi ngumu ajabu. Na hiki hapa." Aliinua mfuko wa plastiki. Ndani yake kulikuwa na unyoya mdogo wa kahawia. "Wa kuku."

Inspekta alikwenda mbele, akafungua kisanduku cha dashibodi. Kulikuwa na kitambaa, glavu za mpira, nusu ya biskuti. Kitabu hakikuwemo.

"Koplo."

"Afande."

"Nani huiba kitabu kisichosomeka?"

Koplo alifikiri. "Mwendawazimu?"

"Au mtu ambaye hahitaji maneno. Michoro inamtosha."

*

Hawakuchukua gari la polisi. Walibanana wote watatu kwenye lile la kijani, Mkunga akiendesha, Inspekta magoti kifuani, wasije wakamshtua mwizi. Njiani Inspekta alimpa Mkunga habari za betri, na Mkunga alipiga usukani kwa furaha mpaka honi ikalia. Kisha furaha ikakatika.

"Kwa hiyo naibiwa nyumbani kwangu?"

"Unafuga kuku?"

"Kuku?" Mkunga alikata kona. "Sisi na kuku tulishakoma."

Walifika saa nane na nusu. Umeme ulikuwa umekatika kama kawaida yake. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, uwanja wa saruji uliofagiliwa vizuri, stoo ya mabati nyuma, na kamba ya nguo iliyotoka ukutani hadi kwenye nguzo. Mkunga aliegesha pale anapoegesha siku zote, buti likitazama stoo.

Inspekta alisimama mbele ya kamba. Kulikuwa na sare mbili nyeupe, kanga, na ovaroli la buluu, refu, lenye mifuko sita.

"Mume wako ni mrefu?"

"Mume wangu? Ananifikia hapa." Alionyesha sikio lake.

"Na ovaroli hili?"

Mkunga aliangalia chini. "La baba mkwe."

"Uliniambia mko wawili."

"Ulikuwa unauliza mambo ya wizi, afande! Ningemtajaje baba mkwe kwenye mambo ya wizi? Mwaka mzima naishi naye, namwekea chakula, ananiambia ahsante mama, namwambia karibu baba, basi. Sijawahi hata kukaa naye meza moja. Yule ni mzee wa heshima!"

"Kabla hajastaafu alifanya kazi gani?"

"Fundi wa lifti. Yale majengo marefu ya mjini. Miaka thelathini na nne."

Koplo alifungua mdomo. Inspekta aliweka kidole midomoni, akawavuta wote wawili nyuma ya sare nyeupe na kanga.

Hawakusubiri sana. Mlango wa stoo ulifunguka inchi moja, halafu tatu. Akatoka mzee mrefu, mwembamba, mvi zimechanwa vizuri, koti limevimba upande mmoja. Alitazama kushoto. Alitazama kulia. Halafu akaja mbio, mbio za kweli, za mtu aliyechelewa, akafungua buti, akatoa kebo ndani ya koti, akachomeka, akaburuta ncha ya pili mpaka stoo na kujifungia.

"Mungu wangu," alinong'ona Mkunga. "Baba!"

Koplo alikuwa ameshafika mlangoni. "Polisi! Fungua!"

"Subiri kidogo!" ilisema sauti ndani. "Anatoka!"

"Nani anatoka? Mko wangapi humo?"

"Mia tatu!" sauti ilijibu. "Lakini huyu ndiye wa kwanza!"

Koplo aliusukuma mlango.

Ndani kulikuwa na joto, na harufu ya nyasi kavu. Katikati ya stoo palisimama friji kuukuu isiyo na injini, mlango wake umekatwa ukawekwa kioo. Ndani ya friji, juu ya waya, yalipangwa mayai, mengine bado yana vinyoya vya kahawia vilivyonata, safu juu ya safu. Koili mbili za pasi zilikuwa zinawaka nyekundu chini kabisa. Pembeni kwenye rafu kulikuwa na kipimajoto, saa ya mezani, na kitabu kinene kimefunguliwa kwenye ukurasa wa michoro. Mzee alikuwa amepiga magoti mbele ya kioo na machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Njooni muone," alisema. "Njooni, njooni, kelele baadaye."

Walikwenda. Hata Koplo alipiga magoti. Katika safu ya pili yai moja lilikuwa na ufa, na ufa ulikuwa unatembea. Ganda lilinyanyuka, likaanguka. Kitu chenye maji, chenye shingo isiyo na nguvu, kilitoka, kikalala, kikapumua.

"Amepumua vizuri," alisema Mkunga, kwa mazoea ya kazi.

Inspekta alijikumbusha yeye ni nani. "Mzee wangu, ni wewe unayechukua umeme wa gari hili?"

"Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku lilipoingia. Nilipoona ule mchoro wa soketi, sikulala." Mzee hakusimama. "Mwaka jana niliweka mayai sitini. Mgawo wa umeme ukaja, yakaharibika yote. Nyumba ilinuka wiki mbili. Mkwe wangu huyu akasema, kwa adabu tu, kupitia kwa mume wake: hapa nyumbani mayai basi. Na ana haki. Kwa hiyo safari hii niliyaweka kwa siri. Nilikuwa na betri ya zamani ya lori, ikanichukua wiki mbili, ikafa. Gari likaja siku ile ile. Nikajua nimeokoka."

"Kwa nini hukuniomba, baba?" Mkunga aliuliza.

"Ningekuombaje, mama? Ulishakataza."

"Jana ungeniua barabarani! Nimezimikiwa na mtu ana uchungu!"

Mzee aligeuka. Uso wake uliporomoka. "Sikujua," alisema. "Wallahi sikujua. Nilidhani nakula makombo tu. Nilipiga hesabu ya mashine, nikasahau kwamba gari lenyewe likiwa macho linakula pia. Kosa la fundi mwanafunzi."

Hapo ndipo simu ilipolia. Ilikuwa ya Mkunga. Alisikiliza, akauliza maswali mawili, akakata.

"Mimba ya tatu, na hizo mbili zilikwenda haraka," alisema. "Ni kule mlimani, kilomita thelathini na tatu."

Alikimbia kwenye gari, akatazama dashibodi. "Thelathini na tano!"

"Inatosha?" aliuliza Koplo.

"Kwa kubana. Nikiondoka sasa hivi."

Wote walitazama kebo. Ilitoka kwenye buti, ikapita uwanjani, ikaingia stoo. Yai la pili lilikuwa limeanza kupasuka, na la tatu. Kuwaacha bila joto saa hii ilikuwa ni kuwaua mlangoni. Mkunga alishika kebo, hakuivuta.

Mzee aliichomoa yeye mwenyewe. Aliivuta kwa nguvu, akafunga kifuniko, akafunga buti.

"Nenda, mama," alisema. "Nenda, nenda."

Gari liliondoka bila sauti, vumbi tu. Ndani ya stoo, koili zilipoteza wekundu wake.

Inspekta Taratibu alitoa simu, akazungumza haraka kuliko alivyowahi kusikiwa na mtu yeyote. "Leteni lile gari kubwa. Na blanketi. Zote! Ndiyo, za mahabusu! Na muwashe jenereta."

Kisha akavua koti lake la kazi, lenye vyeo vyake vyote, akalifunika friji.

*

Kitabu cha matukio cha kituo, Ijumaa ile, saa kumi kamili, kilisema hivi: mtuhumiwa mmoja, mwanaume, miaka sitini na tisa, ameletwa pamoja na vielelezo mia tatu. Kuanzia hapo karani alikuwa akifuta na kuandika upya, maana vielelezo vilikuwa vinabadilika.

Waliiweka friji ndani ya chumba cha mahabusu, ambacho kilikuwa kitupu na hakina upepo. Askari wa zamu walisimama kwenye nondo za mlango wakichungulia, wakihesabu kwa sauti kama kwenye mikwaju ya penalti. Ishirini na sita! Ishirini na saba! Koplo alikuwa ameketi chini, kofia yake imejaa vifaranga, na kwa dakika kumi nzima hakuwa na haraka ya kwenda popote.

Inspekta aliweka kiti mbele ya mzee, akafungua daftari.

"Mzee wangu, huna lazima ya kusema lolote."

"Nitasema."

"Umekiri umeme. Sababu hujaisema. Ulitaka kuuza?"

"Labda. Sikufika huko."

"Kula?"

"Hawa?" Mzee alishtuka. "Afande, umewaona?"

"Basi kwa nini?"

Mzee alipangusa mikono kwenye magoti. Alichukua muda, na Inspekta, kuliko mtu yeyote kituoni, alijua kumwachia mtu muda.

"Miaka thelathini na nne," alisema mzee, "simu yangu ililia. Fundi, lifti imekwama ghorofa ya tisa, kuna mama na mtoto ndani. Fundi njoo. Naacha chakula, nakwenda. Nikifungua mlango watu wananikumbatia, mtu hanijui ananikumbatia. Halafu wakanipa cheti na saa ya ukutani, wakasema kapumzike. Nimepumzika, afande. Nimepumzika mpaka nimechoka. Na kwa mwanangu sikosi kitu, mkwe wangu hajawahi kuninyima kitu. Lakini naye simu yake inalia mchana na usiku, anaruka, anakwenda. Mimi namsikia kutoka chumbani. Yangu ikilia ni ujumbe wa kampuni, unaniambia muda wa maongezi umekwisha." Alitazama friji. "Nilitaka kiwepo kitu kimoja ambacho nisipoamka, hakitakuwa sawa. Basi. Ndiyo kosa langu."

Askari walikuwa wameacha kuhesabu. Inspekta alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa na vumbi jichoni tena.

Mfukoni mwa mzee kitu kililia.

Hakuna aliyejua ule mlio, hata yeye. Alijipapasa koti zima. Alitoa simu ndogo ya vibonyezo, akaiweka mbali na macho asome.

"Ni mkwe wangu," alisema kwa mshangao. "Hajawahi kunipigia."

"Pokea, mzee!" alipiga kelele Koplo.

"Baba!" Sauti ya Mkunga ilijaza chumba kizima. "Baba, nimekwama! Sijazima, lakini nimekwama. Foleni ya kutoka mjini imenila saa nzima, nimebakiwa na asilimia saba, kilomita tisa mbele yangu, na mlima wenyewe bado kidogo. Kile kitabu umekisoma wewe. Nifanyeje?"

Mzee alisimama. Mgongo wake ulinyooka kwa namna ambayo mwanawe mwenyewe alikuwa hajaiona miaka mingi.

"Kiyoyozi kimewashwa?"

"Ndiyo."

"Zima. Redio zima. Taa?"

"Zimewaka."

"Zima, bado kuna jua. Una bonyezo la kijani, chini ya usukani, lina mchoro wa jani?"

"Lipo!"

"Bonyeza. Gari litakuwa zito, usiogope. Panda mlima kwa mwendo wa mtu anayetembea. Wakikupigia honi, waache walie. Baada ya kilele kuna mteremko?"

"Mrefu. Hadi mlangoni kwao."

"Basi umefika, mama!" Mzee alicheka. "Mteremkoni usikanyage breki. Inua mguu tu, uliache lijivute. Likishuka hivyo linarudisha umeme kwenye betri. Lifti zangu kubwa zilifanya hivyo hivyo. Niko hapa. Nisomee namba."

"Sita," alisema Mkunga.

Kituo kizima kiliisogelea simu. Hata mlevi mmoja aliyekuwa anasubiri kuandikishwa kaunta alivua kofia.

"Tano. Nne. Baba, nne na bado napanda."

"Twende."

"Tatu."

"Twende, mama."

"Mbili." Simu ilikwaruza tu. "Kilele! Baba, kilele! Nashuka."

"Inua mguu."

"Nimeinua. Mbili. Mbili bado." Halafu akapiga ukelele. "Tatu! Imerudi tatu! Baba, inapanda!"

Kelele zilizopigwa pale kituoni zilimfanya mkuu wa kituo atoke ofisini kwake na bastola mkononi. Alikuta askari wanakumbatiana na mtuhumiwa, mlevi akiwa katikati.

Simu ya pili ilikuja saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Mzee aliipokea kabla haijalia mara mbili.

"Msichana," alisema Mkunga, akihema, na nyuma yake mtoto alikuwa analalamika kwa mapafu yote. "Kilo tatu na nusu. Mama mzima. Nimefika yeye akiwa tayari, dakika nne tu kabla."

Inspekta aliomba simu. "Dada, ni Inspekta. Kuna mambo mawili ya kiofisi. Kesho saa sita mkataba unaisha. Unalirudisha gari?"

"Nilirudishe? Nani kasema?"

"Na kesi ya wizi wa umeme? Wewe ndiye mlalamikaji. Mtuhumiwa amekiri."

Upande wa pili Mkunga aliweka simu pembeni. Walisikia akimwambia mtu amfunike mtoto kichwa.

"Afande, futa," alisema. "Mwambie baba soketi tutagawana, lakini kwa kuulizana. Na mwambie asizime simu. Bado kurudi."

Inspekta alirudisha simu kwa mwenyewe na kumpa ujumbe neno kwa neno. Mzee aliusikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akatazama kioo cha simu yake, akashtuka, akaangaza macho kuta zote nne za kituo.

"Samahani, jamani," alisema. "Imebaki chaji kidogo. Soketi iko wapi?"

Ilikuwepo moja tu iliyobaki, na ilikuwa na feni ya mkuu wa kituo. Koplo aliichomoa.